Kukokotoa uwezekano kwa matokeo ya mashine ya kutambua uongo

Nimemaliza kumwelekeza mdogo wangu swali la aina hii, na nimeona wengi hukwama palepale alipokwama yeye: hatua ya 4.

1. Chora jedwali la idadi ya watu. Asilimia ziache kwanza, ndizo zinazovuruga. Natumia mfano wa kukisia kutoka ripoti ya mwaka 2003 ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani: wafanyakazi 10,000 wamepimwa kwa mashine, kati yao majasusi 10. Kushindwa ni mashine kusema mtu anadanganya.

Majasusi: wameshindwa 8, wamefaulu 2.
Wasio majasusi: wameshindwa 1,598, wamefaulu 8,392.
Jumla: wameshindwa 1,606, wamefaulu 8,394.

2. Uwezekano wa mtu yeyote kushindwa: 1,606 ÷ 10,000 = 0.1606.

3. Awe jasusi au awe ameshindwa: 10 + 1,606 − 8 = 1,608, yaani 0.1608. Wale 8 wamo pande zote mbili, ndiyo maana tunawatoa mara moja.

4. Uwezekano wenye sharti. Soma swali ujiulize: tayari tunajua nini kuhusu mtu huyu? Hicho unachokijua ndicho kinachokupa namba ya kugawia. Funika sehemu nyingine yote ya jedwali kwa kiganja.

Tunajua ni jasusi, je, atashindwa? 8 ÷ 10 = 0.8.
Tunajua ameshindwa, je, ni jasusi? 8 ÷ 1,606, karibu 0.005. Yaani kati ya watu 200 walioshindwa, jasusi ni mmoja tu!

Kwa hiyo ukiambiwa "mashine inapatia kwa asilimia 80", uliza: asilimia 80 ya nani? Angalia pia idadi ya majasusi. Wangekuwa 5,000, mashine ileile ingewakamata 4,000 na kuwasingizia wasio na hatia 800 hivi. Jibu lingepanda hadi 4,000 ÷ 4,800, yaani 0.83. Ndiyo maana sikubali mtu afukuzwe kazi kwa kipimo hiki peke yake. Wala kufaulu si kinga: Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alifaulu mwaka 1986 na 1991 huku akiwauzia Wasovieti siri.

5. Watu wawili wakichaguliwa bila kurudishwa, wote wawe wameshindwa: 1,606/10,000 × 1,605/9,999 = 0.0258. Punguza moja juu na chini, kwa kuwa wa kwanza keshatolewa.