Jinsi ya Kuchagua Mfumo wa Kusimamia Maudhui kwa Tovuti ya Maktaba ya Chuo Kikuu

Maktaba zinapotaka tovuti mpya, swali linaloulizwa kwanza huwa ni WordPress au Drupal, programu mbili za kujengea na kuhariri tovuti. Hilo liache mpaka mwisho. Anza na mtu: mkutubi aliyeko kaunta, asiyejua kuandika msimbo, lakini ndiye wa kwanza kuambiwa na wanafunzi kwamba kanzidata fulani (mkusanyo wa makala za kitaaluma mtandaoni) haifunguki tangu asubuhi. Mfumo unaofaa ni ule utakaomwezesha yeye kurekebisha hitilafu hiyo palepale, bila kuandika barua pepe kwa kitengo cha TEHAMA na kusubiri.

Hatua ya 1: Ondoa mezani kazi zisizo za mfumo huu

Mwanafunzi huona tovuti moja, kumbe nyuma yake ipo mifumo kadhaa. Katalogi huendeshwa na mfumo wa maktaba kama Koha. Tasnifu na makala za wahadhiri hukaa kwenye hazina ya kidijitali kama DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard kwa kazi hiyo hasa. Mikusanyo ya picha na nyaraka za kale huonyeshwa vizuri kwa Omeka.

Nasisitiza hili kwa sababu kishawishi cha kupakia tasnifu za PDF moja kwa moja kwenye WordPress ni kikubwa. Zitaonekana, ndiyo. Lakini hazitakuwa na metadata iliyopangwa (taarifa kama mwandishi, mada na mwaka), anwani zake hazitakuwa za kudumu, na mifumo inayovuna kumbukumbu za kitaaluma kwa itifaki ya OAI-PMH haitazifikia. Kazi ya mtafiti inastahili makazi bora kuliko hayo.

Ukishatoa hayo, kinachobaki ni kazi halisi ya mfumo wa maudhui: saa za huduma, orodha ya kanzidata, miongozo ya masomo, habari, maelezo ya huduma, mawasiliano ya watumishi na fomu.

Hatua ya 2: Orodhesha kurasa zilizopo

Fungua lahajedwali. Kila ukurasa uwe na safu yake: anwani, mwenye dhamana, na tarehe uliyohaririwa mara ya mwisho. Ukurasa usio na mwenye dhamana usihamishwe. Kazi hii inachosha, lakini hakuna mfumo utakaoifanya kwa niaba yako.

Hatua ya 3: Pima kwa orodha ya kanzidata

Hapa ndipo tovuti ya maktaba inapotofautiana na tovuti ya idara nyingine yoyote, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

Kanzidata moja, tuseme JSTOR, huonekana mahali pengi: kwenye orodha ya herufi A hadi Z, kwenye mwongozo wa historia, kwenye mwongozo wa fasihi, na pengine ukurasa wa mwanzo. Kiungo chake nacho si anwani tupu. Ili msomaji aliye nje ya chuo aruhusiwe kuingia, maktaba nyingi hupitisha kiungo kwenye seva ya proksi kama EZproxy, inayomthibitisha msomaji kisha kumpitisha kana kwamba yuko chuoni. Hapo anwani ya kanzidata hutanguliwa na anwani ya proksi, ikifuatiwa na maneno *login?url=*.

Sasa fikiria anwani ya proksi imebadilika. Kama kila mkutubi alinakili kiungo na kukibandika ndani ya ukurasa wake, mtatafuta viungo vilivyokufa kurasa kwa kurasa, na vingine mtavijua pale tu mwanafunzi atakapolalamika. Kama kanzidata imehifadhiwa kuwa rekodi moja, na kila ukurasa unaitumia rekodi hiyohiyo, mtabadilisha mahali pamoja na kurasa zote zitafuata.

Kwa hiyo, kila mfumo unaoufikiria uulize: je, unaweza kuwa na aina ya maudhui iitwayo "Kanzidata", yenye sehemu zake za jina, maelezo, kiungo, masomo inayohusika na aina ya ruhusa, kisha ikajitokeza yenyewe kokote inakohitajika? Na je, kiambishi cha proksi, yaani ile anwani inayotangulia, kinaweza kuwekwa kwenye mipangilio badala ya ndani ya kila kiungo?

Hatua ya 4: Sasa linganisha mifumo

*Drupal* hujibu maswali hayo vizuri sana. Aina za maudhui, sehemu zake, na kifaa cha Views kinachopanga orodha vimo ndani ya kiini chake, pamoja na uwezo wa tovuti ya lugha nyingi. Gharama yake ni utaalamu: unahitaji mtu anayeifahamu, na awepo muda wote, si wakati wa ujenzi peke yake.

*WordPress* ni rahisi zaidi kwa mhariri, na watu wanaoijua ni wengi. Aina maalumu za maudhui zinawezekana, ila sehemu za ziada kwa kawaida huongezwa kwa programu jalizi (vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye mfumo), na lugha nyingi vilevile. Kila programu jalizi inahitaji kusasishwa, na ikiachwa na mtengenezaji wake inageuka mlango wa wadukuzi. Ziwe chache.

*LibGuides* ya kampuni ya Springshare imetengenezwa kwa maktaba. Orodha ya kanzidata na mpangilio wa proksi unavikuta tayari, na wakutubi huizoea haraka. Lakini ni huduma ya kulipia kila mwaka, na maudhui yako hukaa kwenye seva za kampuni. Kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi utayatoaje, na kwa muundo gani, siku mkiamua kuondoka.

Kama chuo kina mfumo wake tayari na kitengo kinachouhudumia, huo upewe nafasi ya kwanza kwenye majaribio hata kama si kipenzi chako. Huduma iliyopo ina thamani kubwa kuliko sifa nzuri za mfumo usio na wa kuutunza.

Hatua ya 5: Mkabidhi mkutubi kipanya

Weka nakala ya majaribio ya mifumo miwili, usizidishe. Mwite mkutubi asiye mtaalamu wa kompyuta, umpe kazi tatu: abadilishe saa za kufunga za Jumamosi kwa kipindi cha mitihani, arekebishe kiungo cha kanzidata moja, na aongeze picha kwenye mwongozo wa somo. Kaa pembeni, unyamaze. Pale anaposita, andika. Uliza pia kama saa alizobadilisha zimeonekana kote au kwenye ukurasa mmoja tu.

Kwenye kazi ya picha, angalia kama mfumo unamkumbusha kuandika maelezo mbadala kwa wanaotumia visoma skrini. Kisha tembea ndani ya tovuti kwa kitufe cha Tab bila kugusa kipanya. Lenga kiwango cha AA cha WCAG 2.2 (miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu), ambacho kinataka, pamoja na mengine, utofauti wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma. Msomaji asiyeona ana haki ileile ya kufikia makala.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu umri wa toleo

Drupal 7 ilitoka mwaka 2011, na msaada wake ukakoma tarehe 5 Januari 2025. Kutoka hapo kwenda matoleo ya baadaye kulikuwa karibu sawa na kujenga tovuti upya, kwa sababu misingi ya programu ilibadilishwa kuanzia Drupal 8. Kwa mfumo wowote, tafuta tarehe ya mwisho ya msaada wa toleo mnalochagua na muiweke kwenye mpango wa bajeti leo.

Hatua ya 7: Hamisha bila kuvunja viungo

Anwani za zamani zimo kwenye mihtasari ya kozi, kwenye slaidi za wahadhiri na kwenye orodha za marejeo. Rudi kwenye lahajedwali ya hatua ya 2, ongeza safuwima ya anwani mpya, na uweke uelekezaji wa kudumu, yaani msimbo 301, kwa kila ukurasa uliohama. Siku ya kuzindua, mfungulie mtu aliye nje ya mtandao wa chuo orodha ya kanzidata kwenye simu yake, abofye kila kiungo. Ndani ya chuo kanzidata nyingi hufunguka kwa kutambua anwani ya IP ya mtandao wa chuo, hivyo kosa la proksi halitaonekana mpaka mjaribu kutoka nje.