Vitafunio vya Japani: geuza pakiti kwanza

Ukiingia konbini, yale maduka madogo ya Japani ambayo mengi hayafungwi usiku wala mchana, usichague kwa picha. Chipsi za viazi zisizo na hata picha ya nyama zinaweza kuwa na unga wa nguruwe ndani ya viungo vyake. Geuza pakiti usome viambato. Alama ya kukariri kwanza ni 豚, nguruwe. Pengine huandikwa ポーク. ラード ni mafuta yake. 酒 ni pombe, na みりん ni pombe tamu ya kupikia. ゼラチン ni jelatini, hupatikana sana kwenye peremende za kutafuna: ikiandikwa 豚由来 imetoka kwa nguruwe, na isipoandikwa asili yake, anayefuata halali airudishe rafuni. Wengi hukosea kwa kutegemea jedwali la mzio. Sheria inalazimisha kutaja mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya kutengenezea tambi), karanga, kamba, kaa na jozi (walnut). Nguruwe si lazima atajwe hapo, kwa hiyo soma orodha yote.

Tarehe huanza na mwaka: 26.03.05 ni tarehe 5 Machi 2026. Penye 消費期限, siku ikipita tupa. 賞味期限 ni ukomo wa ladha nzuri tu.

Onigiri, lile tonge la wali lenye pembe tatu linalofungwa kwa mwani, lina namba kwenye karatasi yake. Vuta utepe wa 1 kutoka kileleni, uzungushe mpaka nyuma uishe. Kisha vuta pembe ya 2, halafu ya 3, kila moja upande wake. Ukianza na pembe, mwani unabaki ndani ya karatasi na wewe unabaki na wali mtupu. Mwani umetengwa na wali kwa plastiki ili usilowe, ndiyo maana unalia kau unapong'ata.

Utamu mwingi wa kienyeji umejengwa juu ya anko, maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari. Sisi tuliozoea maharage ya chumvi na nazi tunashtuka mara ya kwanza. Anza na dorayaki, ambayo ni chapati mbili nene za maji na anko katikati. Kupika anko nyumbani: maharage ya azuki gramu 250, yachemshe, mwaga maji ya kwanza yenye ukakasi, weka mengine, acha moto mdogo kama saa nzima mpaka punje ipondeke kwa vidole. Hapo ndipo utie sukari gramu 200 na chumvi kidogo. Sukari ikiwahi, maharage hayaivi tena, yanabaki magumu.

Daifuku, anko iliyofunikwa kwa mochi (donge la mchele wa kunata), usiiweke kwenye friji: mochi hukakamaa. Ifunge vizuri uigandishe kwenye friza, kisha iache mezani ilainike yenyewe. Mtoto au mzee mkatie vipande vidogo na ukae naye mpaka ameze, maana mochi hunata kooni na Japani watu hufa kwa kukabwa nayo, hasa wazee wakati wa mwaka mpya.