Msamiati mzito wa Kiingereza: jifunze neno pamoja na majirani zake

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni aliandika kwamba babu yake "perished peacefully in his sleep". Kamusi ilimwambia perish ni kufa, na kamusi haikumdanganya. Ila watu wanao-perish ni wale waliokufa kwa njaa, kwa moto au kwa meli kuzama. Mzee aliyelala asiamke hafi kifo hicho. Wengi ninaowafundisha, sarufi wanayo tangu kidato cha nne, na bado wanajikwaa hapahapa.

Hatua ya 1: Chagua maneno machache. Ipo orodha iitwayo Academic Word List, aliyoiandaa Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, na inapatikana bure mtandaoni. Usiikariri kuanzia juu hadi chini. Soma habari au makala unayoipenda, na ukikutana na neno la humo, lipigie mstari. Matano kwa siku yanatosha. Ukibeba ishirini, kumi na tano yatakuozea mkononi.

Hatua ya 2: Andika neno na watu wake. Hapa ndipo penye kazi. Fikiria mgeni aliyeambiwa kwamba "piga" ni kugonga kwa mkono au fimbo. Siku akisikia piga pasi, piga deki, piga simu, piga kura, atadhani nyumba nzima ina ugomvi. Na wewe ndivyo ulivyo mbele ya sustain ukiwa na maana moja tu, "kuendeleza". Chukua kaunta buku, neno moja ukurasa mmoja. Ukurasa wangu wa sustain una mistari mitatu:

The driver sustained serious injuries.
The country cannot sustain this growth.
"Objection sustained," said the judge.

Dereva ameumia, uchumi unahitaji kudumishwa, hakimu amekubali pingamizi. Tafsiri ya Kiswahili siandiki kabisa. Sentensi natoa kwenye gazeti au kamusi ya wanafunzi, situngi mwenyewe. Ukitunga siku ya kwanza, unajifundisha kosa lako.

Hatua ya 3: Ongeza ndugu wa neno. Sisi tuna soma, msomi, somo, somesha, kwa hiyo mchezo huu tunaujua. Chini ya analyse andika analysis, analyst, analytical. Kisha yatamke kwa sauti, maana mkazo unahama: ANalyst, aNALysis, anaLYTical.

Hatua ya 4: Pima uzito wake. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama, na Kilatini kikabaki kwa makasisi na wasomi. Ndiyo maana jambo moja lina maneno ya madaraja tofauti: ask ni la nyumbani, question ni la Kifaransa, interrogate ni la Kilatini. Unam-ask mama, unam-question shahidi, unam-interrogate mtuhumiwa. Ukiandika kwamba bosi "interrogated me about lunch", msomaji atauliza dhamana ilikuwa kiasi gani. Kwetu pia mbuzi hafariki, anakufa. Kwa hiyo pembeni mwa kila neno naweka herufi moja: N la nyumbani, O la ofisini, M la mahakamani au maabara. Wanaotaka kuonekana wasomi hupenda kuruka hatua hii, na maandishi yao ndiyo huchekesha zaidi.

Hatua ya 5: Bahasha tatu. Huu ni mfumo alioueleza Sebastian Leitner mwaka 1972, mimi nimeupunguza tu. Kata manila vipande vya ukubwa wa tiketi ya daladala. Mbele andika sentensi yenye pengo: "The driver ______ serious injuries." Nyuma andika neno. Vyote vinaanzia bahasha ya kwanza, unayoifungua kila siku. Ukipatia, kipande kinahamia ya pili, ya kila siku tatu, halafu ya tatu, ya kila wiki. Ukikosea, hata kama kilishafika ya tatu, kinarudi ya kwanza bila huruma. Kikipita ya tatu mara mbili, tumia neno hilo kwenye barua pepe au ripoti halisi, kisha kichane.

Yule wa babu bado ana kipande cha perish. Kimeganda bahasha ya kwanza wiki ya tatu sasa.