Kabla Hujajenga Chumba cha Eksirei: Jiwe, Zege au Risasi?

Anayetaka kuweka eksirei kwenye zahanati yake Mbagala au Tegeta huanza kuulizia bei ya mashine. Ukuta hukumbukwa fundi akiwa keshapiga plasta, na hapo ndipo gharama zinapoanza kuuma. Kabla ya tofali la kwanza, mtafute mtaalamu wa fizikia ya tiba akupigie hesabu za kinga dhidi ya mionzi, kisha shughulikia leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Mtaalamu atakuuliza mambo ambayo wewe ndiye mwenye majibu yake: wagonjwa wangapi kwa wiki, mashine itaelekea ukuta upi, nani anakaa upande wa pili. Choo kinachoingiwa mara moja moja hakihesabiwi sawa na meza ya mhasibu anayeshinda pale kutwa. Mtu wa kawaida hapaswi kupata zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutokana na kazi zako. Mfanyakazi wa mionzi, wastani wa 20. Na kama umepanga chini kwenye ghorofa la Kariakoo, juu yako kuna watu wanalala. Dari nalo liingie kwenye hesabu.

Je, jiwe la asili linafaa? Linafaa, mradi liwe zito, lisilo na matundu, na nene vya kutosha. Sentimita moja ya ujazo ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) ina gramu 11.3, granaiti kama 2.7, zege nzuri 2.35. Kwa eksirei ya kilovolti 100 (nguvu ya umeme ya mashine), takriban milimita 0.27 za risasi hukata mionzi nusu. Kwa zege zinahitajika kama milimita 16. Ongeza unene uleule, nusu iliyobaki inakatwa tena nusu. Ndiyo maana sentimita 16 za zege hupitisha kama sehemu moja tu kati ya elfu, wakati bamba la granaiti la milimita 20, lile la kupendezesha mapokezi, huachia karibu theluthi moja. Hilo ni pambo. Jiwe la matumbawe la pwani yetu limejaa vijitundu, kwa hiyo usilipigie hesabu kama zege hata kama nyumba za zamani zilizojengwa nalo zina kuta nene.

Baraiti ni habari nyingine. Ni jiwe lenye uzito wa karibu gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, na bariamu iliyomo hunasa vizuri mionzi ya nguvu hizi. Husagwa ikawa plasta. Shida ni mkono wa fundi: aliyezoea plasta nyembamba ataipaka nyembamba, na ikishapakwa rangi hakuna anayejua.

Wengi Dar tutaishia kwenye tofali za mchanga na saruji, basi tuzikague. Tofali lisilo na matundu la inchi 18 kwa 9 kwa 6, lingekuwa na uzito wa zege, lingefika kilo 37. Chukua la mtaani, likaushe (lililolowa mvua linadanganya), ulipeleke kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Likisoma kilo 29, ukuta wake wa sentimita 15 una thamani ya zege ya sentimita 11.5 tu. Ukililaza, ukuta unakuwa wa inchi 9 na unafikia zege ya sentimita 17 na ushee. Mimi ningelaza, au ningemwaga zege kabisa, kabla ya kufikiria risasi. Ila simama na fundi kwenye viungo vya wima: ndivyo anavyoviacha wazi akitaka kumaliza haraka.

Risasi iachie mlango na sehemu finyu. Shiti ya milimita 2 ina kilo 22.7 kwa mita ya mraba, hivyo mlango wa mita 1.2 kwa 2.1 unabeba kilo 57 za risasi peke yake, kabla ya mbao. Bawaba za kawaida zitalegea, mlango utashuka, na mwanya utafunguka juu. Shiti za jirani zipandane, na risasi ya mlango ipite juu ya ile ya fremu. Ni sumu pia: ifunikwe kwa plaiwudi, mafundi wanawe kabla ya kula, na asiwepo wa kuyeyusha betri chakavu uani ili kuokoa pesa.

Hesabu hizi ni za eksirei ya kupigia picha. Mionzi ya kobalti-60 inayotumika kutibu saratani inahitaji kama sentimita 6 za zege ili ipungue nusu tu, na mionzi ya chembe za nyutroni hukabiliwa kwa vitu vyenye haidrojeni nyingi kama maji na nta ya parafini, si risasi.

Fundi AC aje kabla ya plasta. Akija baadaye na drili yake, atatoboa pale bomba litakapokuwa fupi, na huenda ni ukuta unaopigwa na mionzi moja kwa moja. Kila tundu la bomba au soketi lijulikane kwenye mchoro na liwekewe kipande cha risasi kwa nyuma.

Piga picha kila ukuta ukiwa uchi, na rula ionekane. Halafu pima mionzi ya chumba kabla mashine haijaingia, kwa sababu granaiti yenyewe ina chembe za urani na thoriamu. Ni kidogo, lakini kipimo kitazisoma, na bila namba ya mwanzo utabishana na mkaguzi kuhusu kitu kilichotoka kwenye jiwe.