Namna ya kumpata mpiga picha wa picha rasmi za wafanyakazi ofisini

Ofisi nyingi za Dar es Salaam hukumbuka picha rasmi za wafanyakazi pale tovuti mpya inapokaribia kuzinduliwa, au pale nyaraka za zabuni zinapodai wasifu wa wataalamu wenye picha, na kwa kuwa muda huwa umeshabana, kazi hukabidhiwa mtu yeyote aliyewahi kupiga harusi ya ndugu wa mmoja wa watumishi. Matokeo yake huonekana wazi kwenye ukurasa wa watumishi: mkurugenzi amesimama mbele ya pazia la bluu, picha ya mhasibu imekatwa kutoka kwenye picha ya mahafali huku kola ya joho ikionekana, na dada wa mapokezi amepigwa kando ya dirisha akiwa na mwanga kwenye shavu moja tu. Kila picha kwa upande wake inaweza isiwe na kasoro kubwa, lakini zikipangwa pamoja zinaonekana kama zimeokotwa kwenye kampuni tano tofauti.

Picha moja nzuri hupatikana hata kwa bahati. Kinachostahili kulipiwa katika kazi ya namna hii ni utaratibu mmoja wa upigaji unaoweza kurudiwa miezi sita baadaye, pale mfanyakazi mpya anapoajiriwa, na picha yake ikakaa katikati ya zile za zamani bila mtu kugundua kwamba ilipigwa siku nyingine. Maswali karibu yote utakayomuuliza mpiga picha, na vipengele vingi vya mkataba wenu, vinatokana na hitaji hilo.

Kabla ya kuomba bei, andika ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi. Taja idadi ya watu, jengo na ghorofa, tarehe mnazozipendelea, na hasa matumizi ya picha, kwa sababu picha ya kitambulisho, ya tovuti, ya wasifu wa zabuni na ya ripoti ya mwaka hazikatwi kwa umbo moja. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inayochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takribani pikseli 1181 kwa 1772, kiasi ambacho kamera yoyote ya kisasa inakifikia bila taabu, kwa hiyo usibabaishwe na anayejinadi kwa wingi wa megapikseli. Lililo muhimu zaidi ni kuagiza kwamba kila picha iachiwe nafasi ya kutosha juu ya kichwa na pembeni mwa mabega, ili picha hiyohiyo iweze kukatwa mraba, wima au duara bila kupoteza sikio la mtu.

Ukifika hatua ya kuangalia kazi za wapiga picha, usiridhike na ukurasa wa Instagram wenye picha bora ishirini za wateja ishirini. Omba seti nzima ya picha za wafanyakazi wa taasisi moja, hata kama ni watu kumi na wawili tu, kisha zitazame zikiwa zimepangwa kwa safu. Angalia kama macho yapo kwenye mstari mmoja, kama vichwa vina ukubwa unaolingana, kama rangi ya nyuma haibadiliki kutoka kijivu cha asubuhi hadi kijivu cha jioni, na kama kivuli cha pua kinaangukia upande uleule kwa kila mtu. Mpiga picha wa harusi aliyebobea anaweza kushindwa jaribio hili, wala si aibu kwake, kwani harusi humtaka awinde tukio, wakati kazi hii humtaka afanye jambo moja vilevile mara arobaini bila kuchoka.

Jambo la pili la kutazama katika seti hiyo ni ngozi, na hapa nashauri usiwe na haraka. Ofisi moja inaweza kuwa na mtu mweusi tii, mtu wa maji ya kunde na mtu mweupe, wote wakapita mbele ya taa zilezile ndani ya nusu saa. Fundi asiyejua kazi huacha taa kama zilivyo, hivyo mweusi anakosa mstari wa taya na nywele zake zinazama kwenye pazia, au anaongeza mwanga kupita kiasi mpaka paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta. Tatizo hili lina historia ndefu, kwa sababu kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikabaki nje ya kipimo hicho. Kamera za leo zimeondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho, kwa hiyo anayekutolea kijana mweusi asiye na sura hana wa kumlaumu. Suluhisho lake linafahamika kwa mafundi: taa kubwa yenye kitambaa laini iliyosogezwa karibu na uso, taa ndogo ya nyuma ya kuchora ukingo wa nywele na mabega, na pazia lisilokaribiana mno na rangi ya ngozi wala ya nguo.

Ubaya wa upande wa pili ni uhariri. Wapo wanaosafisha picha mpaka ngozi inakuwa plastiki, na wapo wanaong'arisha rangi ya mtu bila kuulizwa, wakidhani wanamfanyia hisani. Andika waziwazi kwamba kinachoruhusiwa kuondolewa ni kitu cha kupita, kama chunusi, uzi kwenye koti au mng'ao wa jasho, na kwamba alama za kudumu, makunyanzi na rangi ya ngozi haviguswi isipokuwa mwenyewe ameomba. Picha ya kitambulisho isiyomtambulisha mwenyewe mbele ya mlinzi wa getini ni hasara tupu.

Kama idadi ya watu ni kubwa, lipia jaribio dogo kabla ya kusaini. Mpiga picha aje na taa zake, awapige watumishi watatu wa rangi tofauti, mmoja wao akiwa amevaa miwani, katika chumba kilekile kitakachotumika. Miwani hufichua mengi, kwa sababu asiyejua kuinua taa au kuinua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ataleta macho yaliyofunikwa na miraba miwili myeupe. Katika jaribio hilo muulize pia anatumia lenzi gani. Kwa picha za kichwa na mabega, lenzi ya milimita 85 hadi 105 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa (full frame) humlazimu kusimama mbali kiasi, na uso hubaki na uwiano wake, ilhali lenzi pana humsogeza karibu na pua ya mtu hukua kuliko alivyopewa na Mungu. Ulizia kamera ya akiba na flashi zinazotumia betri, kwa kuwa umeme ukikatika saa 5 asubuhi huku watu kumi na watano wamevaa tai wanasubiri, jibu la kusubiri jenereta halitamfurahisha mkuu wa idara yeyote.

Bei hutolewa kwa njia mbili, kwa kichwa au kwa siku. Bei ya kwa kichwa inafaa ofisi ndogo, na pia ofisi ambayo wafanyakazi wake wa nje huenda wasifike siku hiyo. Bei ya siku hupendeza watu wakiwa wengi, lakini uliza siku hiyo ina saa ngapi na ndani yake kuna picha ngapi zilizohaririwa kwa kila mtu, kwa sababu hapo ndipo gharama za ziada hujificha, pamoja na usafiri, msaidizi na mtu wa vipodozi. Omba ankara ya awali inayotenganisha mambo hayo. Kwa Tanzania, hakikisha mtoa huduma ana TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara, mwambie mapema kwamba kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa kwenye malipo ya huduma, na mkubaliane kuhusu risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwani mafundi wengi hupandisha sauti wanapokuta makato ambayo hawakuambiwa. Taasisi ya umma haina hiari katika jambo hili, kwa kuwa manunuzi yake hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma.

Mkataba usiwe mrefu, ila usikose umiliki wa picha. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huchukulia kwamba haki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Hata hivyo, popote ulipo, ni salama zaidi kuandika nani anamiliki, picha zitumike wapi na kwa muda gani, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuzitumia kujitangaza. Sura ya mtu ni taarifa binafsi. Kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mwajiri kama mkusanyaji na mpiga picha kama mchakataji, na fomu fupi ya ridhaa inayotaja matumizi ya picha inapaswa kusainiwa na kila mfanyakazi kabla hajaketi kwenye kiti. Asiyeona uzito wa karatasi hiyo atazame Kenya, ambako mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Chumba hutafutwa wiki moja kabla. Kiwe na urefu wa mita 5 hivi na upana wa mita 3, ili mtu akae mita moja na nusu mbele ya pazia, asiliangushie kivuli chake, na mpiga picha naye apate pa kurudi nyuma. Karatasi ya nyuma yenye upana wa mita 1.35 inatosha kwa mtu mmoja, lakini kama mnataka pia picha ya idara nzima mtahitaji ile ya mita 2.72. Taa za dari zizimwe na mapazia yafungwe, kwa sababu mwanga wa taa hizo ukichanganyika na wa flashi ngozi hupata ukijani usioondoka vizuri. Kiyoyozi kiwashwe mapema.

Kuhusu ratiba, fanya hesabu bila kujidanganya. Watu 40 kwa dakika 10 kila mmoja ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kabla hujahesabu chakula cha mchana wala sala ya adhuhuri, kwa hiyo gawanya kazi katika asubuhi mbili na uwape wakuu nafasi za mwanzo, maana wao ndio huitwa ghafla kwenye vikao. Aliyeshuka kwenye daladala apewe robo saa ya kupoa, kitambaa cha kufutia jasho na poda isiyo na rangi. Tangazo la mavazi litumwe siku kadhaa kabla, likitaja rangi zinazofaa, likikataza mistari midogo midogo ambayo huchezacheza kwenye kioo, na likieleza kwamba ushungi, kofia ya kiua au kanzu vinakubalika iwapo ndivyo mtu anavyovaa kazini. Mwanamke anayetaka kurekebisha mtandio wake apate kona yenye pazia na kioo. Mwenye ualbino aulizwe mapema kuhusu mwanga, kwa kuwa macho ya wengi wao huumizwa na flashi kali; kwake hutumika taa laini inayowaka mfululizo. Anayetumia kiti cha magurudumu hupigwa kamera ikiwa imeshushwa usawa wa macho yake.

Siku yenyewe, kamera iunganishwe na kompyuta ili kila mtu aone picha zake na kuchagua moja au mbili palepale. Hatua hii huongeza dakika chache kwa kila mtu, lakini huokoa wiki nzima ya barua pepe za kulalamika, na asiyependa picha yake hurudiwa kabla taa hazijafungwa.

Makabidhiano yafanyike kwa majina ya faili yenye namba ya mfanyakazi, kwa sababu jina la Asha au Juma peke yake halitamsaidia afisa utumishi mwakani. Bakisha sehemu ya malipo mpaka upokee picha zote pamoja na karatasi ya vipimo: aina ya lenzi, kimo cha kamera, umbali wa kila taa, na namba ya rangi ya karatasi ya nyuma. Weka alama za utepe sakafuni zilipokuwa stendi, uzipige picha kwa simu, kisha kubalianeni katika mkataba uleule bei ya kurudi kila robo mwaka kwa ajili ya waajiriwa wapya, na kiwango cha chini cha watu ambacho kikitimia ndipo mpiga picha anaitwa.