Kabla hujaprinti stika za duka lako la shambani

Kama unalima au unafuga na sasa unataka kufungua duka uuze vya shambani kwako mwenyewe, naomba usikimbilie kwa mtu wa grafiksi kwanza. Najua hamu inavyokuwa. Mi nilikimbia, nikaprinti stika elfu moja za mtindi kwenye karatasi ya kawaida, wiki haijaisha wino ukaanza kuchuruzika frijini, mteja anashika kopo anabaki na kijani kiganjani, na kwa mteja kopo chafu maana yake mtindi mchafu. Kwa hiyo printi chache tu, bandika kwenye kopo lenyewe, weka frijini siku tatu, toa liache litoe jasho, futa na kitambaa kibichi. Ikibaki nzima ndo uprinti nyingi.

Ila jina ndo pa kukaa muda mrefu. Sikiliza watu wanakuitaje tayari. Duka langu nililipa jina la Kizungu, limekaa vizuri kwenye bango, lakini hapa Lushoto kila anayemwelekeza mwenzie anasema nenda kwa Mama Mtindi pale kwenye mteremko, hata boda wanajua hivyo, lile la kwenye bango sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu. Nikalibadilisha. Jina bibi alitamke, mtoto wa darasa la tatu aliandike, na kwenye simu inayokatakata lisikike bila kurudia. Afu usilifunge kwenye zao moja, ukijiita nyumba ya peasi msimu ukiisha watu watadhani umefunga.

Ukishalipata, litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara Tanzania bara, uone kama kuna mwenye nalo. Na hapa wengi wanachanganya, kusajili jina la biashara sio kusajili alama ya biashara, hii ya pili ndo inakupa nguvu ya kumzuia mwingine asiitumie kwenye bidhaa kama zako, inadumu miaka 7 afu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Inasajiliwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa: mtindi uko la 29, asali la 30, mboga na matunda mabichi la 31, kwa hiyo jua kwanza utauza nini. Zanzibar wana usajili wao, ya bara haikulindi kule.

Lebo nayo iachie nafasi ya vitu vya lazima, jina la bidhaa, uzito, viambato, namba ya bechi (mkupuo uliotengenezwa pamoja), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, anuani yako. Waone TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mapema, usimamizi wa chakula uko kwao tangu 2019, usije ukajaza picha ya ng'ombe kopo zima halafu tarehe ikakosa pa kukaa.

Nembo yenyewe iwe rahisi kiasi cha kukubali rangi moja. Dizaina akupe faili la vekta, lile linalokuzwa bila kuharibika, sio picha ya WhatsApp tu, maana ukiikuza kwenye bango inafifia. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku, na kuprintisha mifuko ya karatasi ni ghali kwa anayeanza, mi nimechongesha muhuri wa nembo na kununua wino mweusi, jioni nikisubiri maziwa yapoe nagonga mifuko ya khaki mia ya kesho.