The Witcher 3: jinsi ya kupiga mikataba ya mazimwi bila kufa kila dakika

Wadau wa gemu wa Kigoma habari zenu. Nimeamua niandike hii kitu kwa kirefu kwasababu zile siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa hawaingii ziwani, vibanda vya gemu pale Mwanga na Kibirizi vinajaa vijana, wengi wako kwenye mpira lakini siku hizi hukosi mtu kashika The Witcher 3, na swali ni lile lile, mbona huyu dude hafi? Jamaa anapiga anapiga, damu ya dude haishuki, yeye akiguswa mara mbili chali. Na ukiangalia vizuri upanga wake hauna shida na levo yake siyo mbaya kihivyo, ni vile tu kaingia kwenye pambano mikono mitupu. Hajasoma, hajapaka mafuta, hajanywa kitu, kaenda kama anaenda kupigana na walevi.

Kwa ambao ndo wanaanza, hii gemu ilitoka tarehe 19 Mei 2015, wametengeneza CD Projekt Red wa Poland, unacheza na Geralt ambaye kazi yake ni kuwinda mazimwi kwa malipo. Stori kubwa ni kumtafuta binti anaitwa Ciri, na hiyo stori unaweza kuimaliza bila kugusa mikataba ya pembeni kabisa, yaani zile kazi za kuwinda zimwi fulani kwa malipo, hakuna atakayekulazimisha. Ila mimi nakwambia ukiiruka hiyo mikataba umeacha nyama umekula mifupa, maana Geralt kwenye stori kubwa anakuwa kama mtu mwenye haraka zake, kwenye mkataba ndo unamuona fundi akiwa kazini, anapiga magoti anachunguza nyayo, ananusa damu, anauliza wanakijiji maswali, alafu ndo anachomoa upanga.

Sasa mikataba unaipata wapi. Vijiji vingi vina ubao wa matangazo, ukifika sehemu mpya kabla hujafanya lolote nenda kwenye ubao chukua karatasi zote, hazikulazimishi kufanya chochote lakini zinakufungulia sehemu kwenye ramani na zinabaki kwenye orodha yako. Ukifungua orodha ya kazi kila mkataba umeandikwa levo inayopendekezwa, hapo ndo pa kuangalia kwa makini. Mkataba wa levo 24 na wewe uko 9 achana nao kwanza, na ukikutana na dude lina fuvu jekundu kichwani hilo ni onyo, limekuzidi mbali, geuza farasi uondoke. Lakini pia usikae sana, maana ukizidi levo ya mkataba kwa 6 na kuendelea XP unayopewa, zile pointi za kupandia levo, inakuwa kiduchu, pesa utapata lakini hutapanda. Kwahiyo wale wanaomaliza stori yote kwanza ndo warudi kwenye mikataba wanakuta imeshapoa, fanya ikiwa ya moto, umekaribiana nayo levo au imekuzidi mbili tatu hivi.

Ukishaongea na mwenye tangazo inakuja bei, na mikataba mingi inaruhusu kupatana. Kuna kimstari unavuta kupandisha bei na kingine kinaonyesha hasira za mteja zinavyopanda. Hapa fanya kama unavyonunua migebuka Kibirizi, hutaji bei ya mwisho kwenye neno la kwanza, unapandisha kidogo unamuangalia uso, unapandisha tena. Ukivuta mpaka mwisho mara moja atakasirika na mazungumzo yanaishia hapo na wewe ndo unaumia. Mwanzoni mwa gemu pesa ni ngumu sana, kutengeneza vifaa kunakula hela, kwahiyo hata taji ishirini za ziada, ndo hela ya kwenye gemu, zichukue. Kuna wakulima wengine masikini kweli unawaonea huruma, hapo ni moyo wako.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo watu wengi wanaikimbia, ya upelelezi. Shika L2 kwenye pedi ya PlayStation, vile vitu vya kuchunguza vinawaka rangi nyekundu, chunguza vyote usiruke hata kimoja, maana kila alama Geralt anayoangalia anazidi kujua anawinda nini, na akishajua tu ukurasa wa hilo dude unafunguka kwenye Bestiary, ile sehemu ya mazimwi ndani ya Glossary. Kama kiingereza kinakusumbua usijali, huna haja ya kusoma maelezo yote, shuka mpaka chini kuna vipicha, pale wamekuonyesha mafuta gani, bomu gani na ishara gani, yaani uchawi mdogo anaopiga Geralt kwa mkono, inaliumiza hilo dude. Hivyo vipicha vya chini ndo siri kubwa ya hii gemu na vimewekwa wazi kabisa kila mtu avione, lakini watu hawafungui. Na vitabu vya mazimwi vinavyouzwa kwa wachuuzi nunua usome, vinafungua kurasa hizo hizo hata kabla hujakutana na dude lenyewe.

Mafuta ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kila aina ya zimwi ina mafuta yake unayopaka kwenye upanga wa fedha, upanga wa fedha ndo wa mazimwi, wa chuma ni wa watu na wanyama wa kawaida kama mbwa mwitu na dubu. Mafuta ya daraja la kwanza yanakuongezea nguvu asilimia 10 dhidi ya aina hiyo, ya pili 25, ya tatu 50, sasa fikiria mtu anaacha asilimia 50 ya bure mfukoni alafu analalamika dude halifi. Mizimu inataka Specter Oil, wala maiti kama drowner, ghoul na wale vibibi vya kwenye matope inataka Necrophage Oil, wyvern na cockatrice ni Draconid Oil, griffin ni Hybrid Oil, werewolf ni Cursed Oil, leshen na fiend ni Relict Oil, na vampaya wana yao. Mafuta hayadumu milele, kila pigo linayapunguza, kwahiyo pambano likiwa refu angalia kama bado yapo, ukiona yameisha rudi nyuma upake tena.

Watu wanaogopa dawa wakidhani kila siku watakuwa porini wanatafuta majani, hapana, ukishatengeneza dawa au bomu mara moja tu umemaliza. Vikiisha unakaa chini kutafakari, ile ya kusogeza masaa, na kama una pombe kali kama Alcohest au Dwarven Spirit chupa zote na mabomu vinajaa upya vyenyewe, inaliwa pombe moja tu. Kwahiyo hizo pombe USIUZE, naona watu wanaziuza wapate vijisenti alafu hawana cha kujazia dawa. Na majani chuma kila unapopita, hayana uzito wa kukusumbua. Kwa kuanzia tengeneza Swallow inayorudisha damu, Thunderbolt inayoongeza nguvu ya kupiga, na Cat ya kuona gizani maana mapango ya hii gemu ni giza totoro. Ila angalia sumu mwilini, kila dawa inapandisha sumu, ukinywa hovyo hovyo unaanza kuishiwa damu mwenyewe bila kuguswa na mtu.

Ngoja nichukue mkataba mmoja twende nao taratibu, ule wa Devil by the Well kule White Orchard, ni wa levo 2 kwahiyo kila mtu anaukuta mwanzoni kabisa. Unatumwa na jamaa anaitwa Odolan, kuna kisima kwenye kijiji kilichohamwa na watu, mzimu hauruhusu mtu achote maji. Unachunguza, unagundua ni noonwraith, mzimu wa mwanamke unaotoka mchana jua likiwa kali, na huu hauondoki kwa upanga peke yake, kuna kitu kinaufunga pale, lazima ushuke kisimani utafute bangili yake chini ya maji, utoke nje, uichome pamoja na mabaki yake. Ukichoma tu anatokea.

Hapa ndo wengi wanafia. Wanamkimbilia wanamkata, upanga unapita kama unakata moshi, damu yake inashuka kidogo mno. Inatakiwa Yrden, ile ishara inayochora duara la zambarau chini. Weka duara, simama ndani, subiri aje YEYE, usimfuate, akiingia ndani ya duara mwili wake unakuwa mwili kweli na upanga unashika, kata mara mbili tatu za haraka kwa kile kitufe cha mraba alafu doji kwa kitufe cha duara, usijisahau ukaendelea kukata maana anajibu. Duara likifutika usipigane, zunguka zunguka ukimkwepa mpaka nguvu ya ishara ijae, weka lingine. Damu yake ikishapungua atajigawa, wanatokea wenzake watatu wanakuzunguka wanakunyonya na yeye anapona, hapo usipaniki, weka Yrden uwakate hao wa pembeni, wanapotea kwa pigo tu, na yeye anarudi. Kama umepaka Specter Oil kabla hujachoma bangili pambano linakuwa fupi mpaka unashangaa. Ukiuelewa huu mkataba mmoja umeshaelewa mizimu yote ya gemu nzima.

Kwa wengine nitapita haraka. Vinavyoruka kama griffin na wyvern, vikiwa juu vipige kwa ile pinde ndogo au Aard, ishara ya kusukuma, vidondoke, vikiwa chini ndo unakata. Alghoul akisimamisha miiba mpige Axii, ishara ya kutuliza akili, miiba inalala, ukikata ikiwa imesimama unajiumiza. Rotfiend akikaribia kufa anavimba analipuka, ukiona anatetemeka kimbia. Werewolf ni msumbufu, damu ikishuka anajiponya, bomu la Moon Dust linamzuia. Fiend ana jicho la tatu linakufanya skrini nzima iwe giza ubaki unaona jicho tu, bomu la Samum linamtoa kwenye hiyo hali.

Leshen nataka nimkalie kidogo, kuna mkataba Skellige unaitwa In the Heart of the Woods, levo 22, kwangu huo ndo mkataba bora kuliko yote kwenye gemu. Leshen ni mlinzi wa msitu, ana kichwa cha fuvu la mnyama lenye mapembe, na kijiji chenyewe kimegawanyika, wazee wanataka waendelee kumheshimu kama zamani, vijana wanataka auawe, na wewe uko katikati. Ukiamua kumuua jua kwamba huwezi kumaliza kwa kumkata tu, kuna totem zake msituni lazima uzivunje, na kuna mtu kijijini kawekewa alama, huyo mtu akibaki pale leshen atarudi tu. Sitasema ni nani, nenda ukajionee, na fikiria kabla hujajibu mtu yeyote maana majibu yako yana uzito. Kwenye pambano lenyewe anatoa mizizi chini ya miguu yako, ukiona ardhi inatikisika biringika, anaita mbwa mwitu na kunguru, anageuka moshi anahamia upande mwingine. Igni, ishara ya moto, inamuunguza vizuri, Relict Oil kwenye upanga, na bomu la dimeritium linamnyima uchawi wake kwa muda. Mbwa mwitu waue kwanza usijifanye huwaoni.

Na siyo kila mkataba lazima uishe kwa kuua. Kule Novigrad kuna An Elusive Thief, ukimfukuza huyo mwizi mpaka mwisho utakuta ni doppler, kiumbe kinachobadilika sura, msikilize kabla hujaamua. Mimi namuacha aende.

Ukiwa unacheza Death March ambayo ndo ngumu kuliko zote, kutafakari hakurudishi damu, kwahiyo chakula na Swallow ndo tegemeo. Kuna uwezo unaitwa Gourmet, unakula kitu kimoja damu inaendelea kurudi kwa muda wa dakika 20, chukua mapema sana. Quen pia iwe imewashwa kabla ya pambano kuanza, ile ngao inabeba pigo moja ambalo lingekuua. Na seviii, narudia, sevu mwenyewe kwa mkono kabla hujachoma bangili, kabla hujaingia pango, kabla ya kila kitu, maana katikati ya pambano gemu haikuruhusu kusevu na umeme wetu mnaujua, ukikatika unarudi nyuma nusu saa nzima.

Dude likishakufa pekua mwili wake uchukue mutajeni, kile kitu cha mwilini mwake kinachokuongezea uwezo, na kichwa, kichwa unakining'iniza kwenye farasi kinakupa nyongeza kidogo, alafu rudi kwa mwenye mkataba, hela hazijileti. Ukimaliza White Orchard ukiingia Velen, jipandishe mpaka karibu na levo 10 alafu nenda kijiji cha Midcopse ukachukue Jenny o' the Woods, huyo ni nightwraith, ndugu wa yule wa kisimani lakini anatoka usiku, Specter Oil ile ile, Yrden ile ile, na beba Cat.